Giligilani ya Wageni wa Posa

Ijumaa ile ya mwaka 2013, nyumbani kwa Mwamvua, Kasulu mjini, hapakuwa na aliyekaa chini. Kesho yake wageni walikuwa wanatoka Kibondo kuja kumposa binti yake, Yasmini. Mwamvua alitaka kurahisisha kazi mapema. Alikatakata mafungu matatu ya giligilani, akayanyunyizia maji, akayafunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Pelagia hunyunyizia hivi hivi sokoni," alimwambia Yasmini. "Yanashinda mabichi."

Asubuhi alifungua mfuko. Lo! Majani yalikuwa meusi, yanateleza na kunuka. Kuku walikuwa wameshachinjwa, na wageni walikuwa njiani.

"Leo nimeaibika," alisema. "Watasema binti yangu katoka nyumba isiyojua kupika."

Alikimbia kwa jirani yake Pelagia, muuza mboga.

"Mwakeye, Mama Yasmini!" Pelagia alimsalimu kwa Kiha. "Mbona mbio?"

Mwamvua alimweleza. Pelagia alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mimi nanyunyizia majani mazima, tena yanapata hewa. Wewe umeyakata, ukayalowesha, ukayafungia. Yaache kuoza yana nini?"

Alichukua fungu jipya, wakaenda wote jikoni. Pelagia aliosha majani, akayakung'uta, akayakausha kwa kitambaa safi. Ndipo akayakata.

Mwamvua aliyajaza kwenye kikombe ili apime ya mchuzi, akaanza kushindilia kwa kidole gumba.

"We, acha! Kwani hiyo tumbaku?" alisema Pelagia. "Ukishindilia, kikombe kimoja kinabeba majani ya viwili. Mchuzi wote utanuka giligilani. Kata kwanza, kisha jaza bila kukandamiza. Hicho ndicho kipimo."

"Na yanayobaki?"

"Huna friji, basi usikate ya kesho. Yasimamishe na mashina yake kwenye kopo lenye maji kidogo, mahali pa baridi. Badilisha maji kila siku. Mwenye friji anaweza kuweka yaliyokatwa, yakiwa makavu, kwenye chombo safi chenye mfuniko. Ila ayamalize ndani ya siku mbili."

Mchana wageni walikula. Mama wa kijana, Bi Mwanahawa, aliongeza mchuzi mara mbili. Mwamvua alikuwa akichungulia nyuma ya pazia.

Bi Mwanahawa alinawa mikono taratibu, akamwita.

"Mwenzangu, nilitoka Kibondo na maswali mengi. Sasa nimebaki na moja tu. Harusi lini?"