Nadhiri ya Shihab

"Madam Maram, leo unashuka ama narudisha wewe na kiti?"

Proscovia, Mganda anayepokea watu wanaopandishwa na viti vya waya juu ya mlima wa theluji ya kutengenezwa ndani ya mall, aliuliza kwa upole. Hii ilikuwa Jumanne ya tano Maram kupanda na kurudi na kiti.

"Nipe dakika mbili."

Dakika mbili zikawa ishirini. Goti lilishapona, daktari kasema khalas. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Maram akitazama chini tu, miguu inagoma. Miezi kumi na minne nyuma, kwenye mbio za klabu, alianguka hapo na ski zake, zile mbao za kutelezea, kano la goti likakatika. Na aliyeipanga njia siku ile ni kocha wake, Shihab, ambaye pia ndiye mpenzi wake.

Shihab akaacha ukocha, akakimbilia Hatta, mji wa milimani, kukodisha mitumbwi bwawani. Akaweka na nadhiri: haleti posa mpaka Maram ashuke tena mlima ule. Mwanamume huyo alidhani hayo ndiyo mapenzi.

Maram alimtamani mpaka akaitamani hata sauti yake ya kukaripia. Ndiyo maana kila wiki, fomu ya mtaalamu wa viungo ilipomuuliza anajiamini kiasi gani kurudi mchezoni, sifuri mpaka kumi, aliandika kumi. Jana mtaalamu akamruhusu. Asubuhi hii Shihab akatuma meseji: "Ukishuka tu, nipigie. Mama keshajiandaa."

Maram akapiga.

"Umeshuka?"

Neno moja tu, ndiyo, lingemleta Shihab kwao kesho. Lilimfika mdomoni.

"Bado niko juu. Shihab, zile fomu nilidanganya. Niliandika kumi, na ukweli ni mbili."

"Kwa nini, Maram?"

"Kwa sababu nakutaka wewe."

"Ungeshuka hivyo ungevunjika tena."

"Na ningeshuka hivyo hivyo. Nadhiri uliiweka wewe, goti la kuilipa likawa langu."

"Nilidhani nakupa sababu ya kupona."

"Ulinipa sababu ya kusema uongo."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Mie mwenyewe sijaingia humo tangu siku ile. Nikifungua friji tu, ile baridi ikinipiga usoni, nakuona umelala pale chini."

"Kumbe tunaogopa wote wawili. Si ungesema? Mwaka mzima nalala na simu mkononi, nadhani umenichoka."

"Sijakuchoka hata siku moja. Lakini nadhiri nimeshaiweka."

"Kamuulize sheikh. Kafara ya kuivunja ipo, watu wanalisha masikini kumi. Mie nimeshakulipia vya kutosha."

Shihab akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake.

Maram akamgeukia Proscovia, akaomba kiti. Alilia njia nzima ya kushuka, watoto wa watu wakimpita kwa mbio, na wala hakujificha.

Alhamisi mchana simu ikaita.

"Nimetoka Muhaisnah, kwenye kambi za vibarua. Sheikh kaniambia nilishe kumi, wamekula biriani wameshiba. Kesho baada ya sala ya Ijumaa naja kwenu na wazee."

Moyo wa Maram ukaruka, kisha ukasita.

"Shihab, mie sijashuka. Pengine sitashuka tena."

"Sijakuuliza hilo. Mwambie baba tunakuja watu saba."