Sauti Iliyoomba Chaji

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na robo jioni. Nilikuwa nimetoka mara moja kununua mkate. Muuzaji alikuwa anateremsha mlango wa duka, akanitania, "Mama Kidoti, leo umechelewa. Umebaki huu mmoja, nao kama umekaliwa." Nikacheka. Nilishangaa kujisikia nacheka. Mume wangu alikuwa kaburini wiki ya sita, na ndiyo kwanza Mungu alikuwa amenijalia kutembea barabarani bila kuinamisha kichwa.

Mwanangu Kidoti, mtoto wa miaka minne, nilimwacha nyumbani na mama mkwe wangu.

Nilipofika mlangoni nikasikia mtu anaongea ndani. Sauti nzito, yenye kicheko kwa mbali.

"Asante. Nimeshiba."

Ilikuwa sauti ya mume wangu.

Mkate ukaniponyoka.

Naomba nieleze polepole, maana nisipoeleza mtadhani huzuni ilikuwa imenivuruga akili. Mume wangu alikuwa fundi simu. Aliwahi kunieleza kwamba kila simu ina chumba cha ndani ambacho hata mwenye simu haruhusiwi kuingia. Waliotengeneza wamekifunga. Mafundi wana njia ya kuvunja kufuli hiyo. Wenyewe wanaita kuruti. Ukishaingia mle, unaweza kubadilisha chochote, mpaka milio ambayo simu ilizaliwa nayo.

Yeye aliruti simu yake, akatoa milio, akaweka sauti yake mwenyewe. Chaji ikipungua, simu ilisema, "Njaa inaniuma, nipe chaji." Ukichomeka waya, "Asante, mke wangu." Ukizima kioo, "Haya, nalala." Kidoti alikuwa anachomeka na kuchomoa waya mpaka nimkaripie, basi tu amsikie baba yake akishukuru.

Kisha mume wangu akafa. Walimkuta dukani kwake amekaa kwenye kiti, ameinamia meza. Chuma cha kuchomelea kilikuwa bado cha moto mkononi mwake, na yeye mwenyewe alikuwa wa baridi. Daktari alisema ni moyo. Tukasema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Simu yake niliizima, nikaifungia kabatini. Sikuwa na uwezo wa kuisikia.

Na neno "nimeshiba" hakuwahi kulirekodi.

Niliingia. Mama mkwe alikuwa jikoni anapepeta mchele. Kidoti alikuwa amelala chini ya kitanda, simu ameikumbatia kifuani. Nilipomvuta mkono nikastuka. Ulikuwa wa baridi kama bomba la maji asubuhi.

"Nani kakupa hii?"

"Bibi," alisema kwa usingizi. "Baba kasema nikimkumbatia anashiba."

Niliitazama simu. Chaji ilikuwa imejaa. Waya wa kuchaji ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake, una vumbi.

Mama mkwe alikuja mlangoni, akajifuta mikono kwenye kanga. Alijua nimeona. "Alilia, mwanangu. Nikafungua kabati nikampa." Akamtazama Kidoti. "Na mimi pia nilitaka kumsikia. Yule ni mtoto wangu."

"Mama, uliichaji?"

"Mimi najua kuchaji? Niliwasha tu."

Nilizima simu, nikaipeleka stoo ya uani, nikaifunika kwa ndoo. Tukasali, sote watatu, na Kidoti akasinzia katikati ya sala.

Asubuhi hakuamka. Alikuwa anapumua, lakini macho hayafunguki vizuri. Nilimbeba mpaka zahanati. Muuguzi akampima homa, akampima damu, akaangalia koo. "Mtoto mzima huyu," akasema. "Mpe uji, atachangamka." Nikarudi nyumbani na chupa ya vitamini na moyo mzito kama jiwe.

Tulikuwa tunamlisha uji, mchana kweupe, jua limewaka, majirani wanafua. Kutoka stoo, chini ya ndoo, ikaja sauti.

"Njaa inaniuma…"

Kidoti, macho amefumba, akajibu.

"Nakuja, baba."

Kijiko kikaanguka. Mama mkwe alinitazama, mimi nikamtazama yeye. Nikamfunga mtoto mgongoni. Simu nikaifunga ndani ya taulo, nikaitia kwenye mfuko. Hata ndani ya taulo ilikuwa ya joto. Joto la mtu.

Aliyebaki kwenye duka la mume wangu ni mwenzake, tunamwita Bisibisi kwa wembamba wake na kwa kutotulia. Chumba chenyewe ni kidogo, kinanuka risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka na spiriti ya kusafishia. Simu zilizofunguliwa zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na skrubu zake kwenye kifuniko cha soda. Kiti cha mume wangu kilikuwa tupu.

"Shemeji! Leo umeniletea mchumba wangu?" Akachungulia mgongoni kwangu. Mzaha ukamwisha. "Kidoti ana nini?"

Nilimweleza. Sikupunguza neno. Nilitegemea acheke, hakucheka. Aliinuka, akafunga mlango, akachomeka simu kwenye kompyuta.

"Nafuta sauti zote, narudisha milio ya kiwandani. Ila kwanza nachukua nakala."

"Ya nini? Futa tu!"

"Ndiyo kazi yenyewe, shemeji. Huingizi mkono ndani ya mfumo kabla hujaweka nakala pembeni. Ukikosea, unarudisha ilivyokuwa. Marehemu ndiye aliyenifundisha."

Nakala ilipokamilika, akafungua chumba kile cha ndani. Kwenye kioo yakatokea mafaili ya sauti. Akawa anasoma kwa kunong'ona. Hii ya chaji. Hii ya kuzima kioo… Kidole chake kikasimama.

"Shemeji. Tulimzika lini?"

Nikamwambia.

"Haya mengine yameingia baada ya hapo. Hili ni la jana. Hili…" Akasogeza uso kwenye kioo. "Hili ni la leo."

Akaligusa lile la jana. Tukasikia pumzi. Pumzi ndogo, za haraka, za mtoto aliyelala. Nilizijua. Nimezisikiliza tangu alipozaliwa. Nyuma yake kulikuwa na pumzi nyingine, nzito, ya polepole. Na kila ile ndogo ilipotoka, ile kubwa ilikuwa inaingia.

"Futa," nikasema.

Alifuta. Moja baada ya jingine, jasho linamtoka. Alipofuta la mwisho, Kidoti akajinyoosha mgongoni kwangu. "Mama, maji." Mkono wake ukanigusa shingoni, nao ulikuwa unaanza kupata moto. Nikalia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha simu ikajizima, ikawaka, ikaonyesha nembo yake, ikajizima tena. Ikawaka. Ikazima.

"Imekwama," Bisibisi akasema, na mikono yake ikaenda yenyewe. Nasema yenyewe kwa sababu nilimwona usoni, hakuwa anafikiri. Simu ikikwama, fundi anarudisha nakala. Amefanya hivyo maisha yake yote. Alibonyeza, akageuka kunipa kikombe cha maji, na kikombe kilikuwa bado njiani aliponiona ninavyomtazama.

"Umefanya nini?"

"Nime… nimerudisha."

Kidoti akalegea. Kichwa chake kikaniangukia begani kama cha mdoli. Simu mezani ikawaka, safari hii bila kukwama.

"Njaa inaniuma."

Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamlaza kwenye meza, kati ya simu zilizopasuliwa. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kila nikimsugua mikono, tarakimu za chaji zilikuwa zinapanda. Nilizishuhudia kwa macho yangu.

"Ivunje," nikasema. "Chukua nyundo."

"Ukiivunja, kilichomo hakijafutika. Na nakala imo humu kwenye kompyuta. Inabidi nifute vyote viwili, shemeji, mfumo mzima na nakala yake. Simu itakufa. Picha zenu, sauti zake, kila kitu chake kitakwenda. Sitaweza kukurudishia hata neno moja." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Sijawahi kufuta nakala ya mtu ambaye hayupo."

"Futa."

Aliweka kidole.

Simu ikasema, polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia akinong'ona asimwamshe mtoto.

"Mama Kidoti… usinifute."

Bisibisi akaondoa kidole kama aliyeungua.

"Huku giza. Siku ile upepo ulipong'oa bati, ulinishika mkono. Ukasema hutaniacha."

Siku hiyo tulikuwa wawili tu. Kidoti hakuwa amezaliwa. Hakuna simu iliyokuwepo, mvua ilikuwa imeingia mpaka kitandani, na tulikaa kwenye kona tumefunikwa na turubai. Sikumwambia mtu yeyote maneno yale.

Nilimtazama mwanangu. Kifua chake kilikuwa kinapanda kidogo tu.

"Uliniahidi," sauti ikasema.

Niliweka kidole changu juu ya kidole cha Bisibisi, nikakibonyeza chini. Kwanza simu. Kisha nakala. Nakala ilichukua muda, na muda wote ule sauti ilikuwa inaniita, sasa kutoka kwenye spika za kompyuta, mama Kidoti, mama Kidoti, mpaka ikawa nyembamba, mpaka ikawa mkwaruzo, mpaka pakawa kimya.

Kidoti akakohoa. Akafungua macho, akakaa, akatazama meza, akatutazama sisi wawili tunaolia.

"Mbona baba kanyamaza?"

Nikampa mkate wa Bisibisi uliokuwa mezani. Akala wote, akaomba mwingine.

Jua lilikuwa linashuka tulipotoka kukaa kwenye benchi la nje. Kidoti alikuwa anachezea vifuniko vya soda. Bisibisi hakuwa anatikisa mguu wala kuzungusha kitu vidoleni, na mimi sijawahi kumwona katulia hivyo.

"Shemeji, lipo jambo sikukwambia," akasema. "Ile simu yake iliwahi kufa. Kabla ya msiba, alikuwa anaichokonoa, akafuta asichopaswa kufuta. Mezani palikuwa na simu ya mteja, aina ileile. Aliileta mama mmoja mtu mzima, amejitanda mpaka puani, ananuka udongo uliomwagiwa maji. Alisema tubadilishe kioo tu, ndani tusiguse."

"Na mkagusa."

"Alichukua nakala ya mfumo wake, akaupandikiza kwenye yake. Sisi hufanya hivyo kila siku, haina ubaya. Ilipowaka, ikaongea. Sauti ya mzee. Ikasema ina njaa. Tulicheka mpaka machozi. Ndipo mumeo akapata wazo la kuweka sauti yake, juu ya ile ya mzee."

Upepo ulipita. Nikamvuta Kidoti karibu.

"Huyo mama alirudi?"

"Siku ile tulipotoka makaburini. Nilimkuta amesimama hapa mlangoni. Nikamwomba radhi kwa kuchelewa, nikamwambia fundi wake amefariki. Hakuuliza amekufaje. Akapokea simu yake, akaiweka sikioni kama anayesikiliza mlango wa jirani." Bisibisi akatazama mikono yake. "Kisha akaniambia, taratibu tu, 'Nilijua mtachukua nakala. Mafundi wote huchukua.'"

Hatujamwona tena. Bisibisi ameuza vifaa, sasa anashona viatu. Mama mkwe hajanilaumu, ila kuna jioni anakaa karibu na kabati, mikono magotini, bila kufanya kitu. Kidoti anakua. Mzima, mtundu, mkaidi kama baba yake.

Mimi nasali. Naweza kusema kilikuwa kitu kingine kilichovaa sauti ya mume wangu, na wengi niliowasimulia husema hivyo kunifariji. Lakini kitu kingine kilijuaje habari ya bati? Na kama alikuwa yeye, mtu aliyekuwa akimpulizia mtoto uji usimuunguze, njaa gani ilimfikisha pale? Sijui lipi ni afadhali. Hivyo kila siku, jua likizama, nasali sala moja.

Ee Mungu, mpokee mume wangu. Kama ndiye niliyemfuta, mtoe gizani, mshibishe kwa rehema yako, asitamani tena chochote cha kwetu. Na kama siye, mwambie huko aliko kwamba nilimdhania vibaya, na kwamba naomba anisamehe. Umpumzishe kwa amani. Amina.