Gari Jekundu Lilinifanya Nimkane Mzee Wekesa

Mimi ni fundi wa magari, umri wangu miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili. Kuna neno nililolitamka siku ya harusi yangu ambalo likinijia nikiwa kazini, naweka spana chini...

Mzee Wekesa hakunizaa. Alikuwa fundi mstaafu wa reli, mwenye gereji mtaa wa Mowlem. Nilipofiwa na wazazi alinichukua, akanilisha, akanifunza kazi. Fahari yake ilikuwa gari dogo la mbio la Kiingereza, la kijani, la zamani sana, aliloachiwa na Mzungu aliyerudi kwao. Rejeta yake ya kupozea injini ilipotoboka, alilifungia ya lori.

Nilipomposa Wanjiru, binti wa karani wa mtaa wa Buruburu, Mzee aliniambia, "Usihangaike, kijana wangu. Bibi harusi nitamwendesha mimi." Wiki nzima akawa analisugua gari lake kwa nta.

Lakini gerejini palikuwa na gari jipya la Kitaliano, jekundu, limelala chini kama mjusi. Mteja alilileta kwa sababu lilikuwa likichemsha, kisha akasafiri. Nikajiuliza, wakwe watanionaje nikija na mkweche wa Mzee? Nikaamua kulichukua lile jekundu.

Mzee alinionya kuwa halijapona, tena mwenye gari hajui kwamba nalichukua. Nikamwambia nimelijaribu na liko sawa. Nilidanganya.

Alikuja kanisani hata hivyo, gari la kijani limefungwa utepe mweupe. Mjomba wa Wanjiru akaniuliza yule mzee wa kofia ni nani. Mzee alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu.

"Ni dereva tu," nikasema.

Tulipoingia Buruburu, tukielekea karamuni kwa wakwe, akina mama walitangulia wakiimba, hatua kwa hatua, nami nikalitambaza gari jekundu nyuma yao, Wanjiru kando yangu. Fundi mzima, sikukumbuka kwamba gari lile lilihitaji upepo wa mwendo ili lipoe! Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafuka, injini ikazima. Nyimbo zikakatika.

"Na hii gari ya watu imekufa?" jirani mmoja akauliza. Watu wakacheka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yangu ilinivua mbele ya wakwe.

Gari la kijani likaja polepole, likinguruma vilevile. Mzee akashuka, akavua kofia, akamfungulia Wanjiru mlango wa mbele. Mimi nikajikunja kwenye kijikiti cha nyuma, magoti kidevuni.

Tulipofika, alinifungulia mlango, akainama. "Tumefika, bwana mkubwa. Dereva anaomba ruhusa."

Hakuingia kula. Jumatatu nilikuta spana zangu nje ya gereji, zimepangwa sandukuni, safi, zimepakwa mafuta.

Wasomaji wenzangu, aliyekulea usimwonee haya mbele ya watu, hata kama watu hao ni wakwe. Nimekwenda kumwomba radhi mara tatu. Husema hana kinyongo, na nadhani ni kweli. Tukikutana mtaani Kiamaiko hunisalimu vizuri, huuliza habari za watoto...

Ila huniita bwana mkubwa. Lile neno "kijana wangu" sijalisikia tena.