Gusheshe Lisiloagwa

Aliyekutwa na haya ni Lefa, rafiki yangu wa Katlehong. Mfuko wake haukufika kwenye gari jipya, na la otomatiki hakutaka hata kulisikia. Jioni moja, umeme umeshakatwa, akafika kwa Mama Nomvuzo kuangalia gusheshe, ile sedani ya zamani ya gia za mkono ambayo vijana wa huko huizungusha mpaka matairi yafuke moshi. Lilikuwa la marehemu mwanawe.

“Mbona bei ya kutupa hivi, mama?”

“Nataka litoke hapa, mwanangu.”

“Walilizungusha makaburini?” Fundi wa mchezo ule akizikwa, gari lake huzungushwa pale pale kumuaga.

“Mimi mtu wa kanisa. Niliwafukuza.”

“Basi jamaa hajaagwa huyo!” Lefa akacheka. Mama hakucheka.

Lefa akaingia peke yake kwenye banda la gari na tochi ya simu. Alipofungua boneti, akakuta betri imeshatolewa. Akiwa bado ameinama, akasikia ndani ya gari: kwiii, kisha ko, kama mtu anayeingiza gia.

“Mama, usiguse kwanza!”

“Niguse nini? Mimi niko jikoni!”

Lefa akazunguka, akamulika dirishani. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Gia ilikuwa namba moja, na pedali ya klachi imekanyagwa mpaka chini. Akaiona ikianza kuinuka polepole, na ile ya mafuta ikianza kushuka.