Tulikuwa Watatu Chumbani

"Mama, ni yeye aliyekuumiza?" mwanawe wa kiume aliuliza.

Mama mkwe alikuwa amelala chali. Kiharusi kilishamnyang'anya sauti, na hata kichwa hakikuweza kutikisika. Aliwatazama wanawe wawili, akamtazama mkwewe aliyesimama mlangoni na futi ya kupimia nguo bado shingoni. Kisha akainua mkono wa kulia, ule pekee uliobaki mzima, akauweka kwapani. Machozi yakamtoka.

"Umeona, kaka?" wifi alidakia. "Anaonyesha hapo hapo penye alama! Nimemwona kwa macho yangu anamsukuma mama."

Na kweli alama zilikuwepo, makwapa yote mawili, vidole vimejichora vyeusi kwenye ngozi.

"Mama alianguka, mume wangu. Nilikuwa nashona sebuleni, nikasikia kishindo. Nikamkuta sakafuni, nikamnyanyua. Ilikuwa zamu ya wifi, naye alikuwa nje na simu yake."

"Makubwa! Sasa mimi ndiye niliyemwangusha?"

Mumewe, fundi seremala, hakuwahi kumpandishia sauti. Hata siku ile hakuipandisha, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama mwenyewe ameonyesha," alisema akiangalia chini. "Nenda kwenu kwanza."

Jamani! Miezi minane alimwogesha mama yule, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akampigia porojo za wateja wanaodai nguo zimebana kumbe wamenenepa wenyewe. Leo anaonekana mnyama.

"Chumbani tulikuwa watatu," alisema. "Mimi, mama na Mungu. Mama hawezi kusema. Mungu bado hajasema. Namsubiri."

Akaondoka na cherehani yake.

Kwao nako hakukuwa na nafuu, maana maneno yalitangulia kufika. Mteja wake wa siku zote alikuja kuchukua kitambaa kabla hakijakatwa.

"Usinielewe vibaya, shoga. Nina mama mzee nyumbani."

Mama yake mzazi alishindwa kuvumilia.

"Nenda ukajitetee, mwanangu! Unakaa kimya utadhani una kosa."

"Nimesema mpaka koo limekauka, mama. Nimemwachia Mungu."

"Na akichelewa?"

Akarudi kwenye cherehani. Tusidanganyane, kuna asubuhi aliomba huku amemkasirikia Mungu, akimuuliza kama naye siku ile alikuwa nje na simu. Akimaliza kulia anaomba tena.

Kila siku alimtumia mumewe ujumbe mmoja tu: "Mgeuze mama kila baada ya saa mbili, asipate vidonda." Ujumbe ulisomwa. Jibu hakuna.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, mchana, simu ikaita.

"Ni mimi," alisema mumewe.

"Mama amefariki?"

"Hapana. Jana aliteleza kitandani, nikamdaka kwapani, nikamrudisha. Leo namvalisha nguo..."

"Sema."

"Alama, mke wangu. Zile zile, pale pale. Nimeweka vidole vyangu juu yake, vimeenea. Nesi anasema zile dawa za kuzuia damu isigande zinafanya avilie damu hata ukimshika kwa wema."

Mkewe alikaa sakafuni, simu sikioni.

"Nikamuuliza, mama, kumbe alikunyanyua? Akanishika mkono, akang'ang'ania. Miezi yote hii tukikutaja anashika kwapa. Sisi tunamwambia pole mama, hayupo tena. Analia. Kumbe alikuwa anakutetea!"

"Na wifi?"

"Amekiri. Alikuwa nje na simu, akaogopa nitamlaumu."

Alilia mpaka mama yake akatoka jikoni mbio.

"Kuna nini tena?"

"Mungu amesema, mama," alijibu, na hakukuwa na furaha usoni mwake.

Alifika kwa mumewe alasiri. Wifi alikuwa mlangoni, uso chini.

"Wifi, nisamehe. Mimi ni mtu mbaya."

"Nipishe nimwone mama."

Mama mkwe alikuwa amekwisha, mifupa mitupu. Daktari alishasema ni suala la siku. Seremala alisimama nyuma ya mkewe, mikono hajui aiweke wapi.

"Nimekujua miaka sita, halafu nikaamini alama. Nisamehe, mke wangu."

"Nitakusamehe. Leo siwezi, bado inauma sana." Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini cherehani iko kwenye gari. Ilete ndani."

Akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka kichwa ubavuni mwa mama mkwe, kilio kikamtoka chote.

"Mama, ulinitetea peke yako. Wala sikujua."

Ule mkono wa kulia ukatambaa polepole juu ya shuka, ukamfikia, ukaingia kwapani mwake. Ukaanza kumvuta juu. Haukuwa na nguvu hata ya kuinua mto.

Mkwewe akasimama.