Plasta ya Jumamosi

"Nani amepiga plasta ukuta wangu?"

Msanifu wa jengo aliuliza mara moja tu, na sauti yake ikazunguka maktaba nzima tupu. Mafundi wakatazama viatu vyao. Mwenyekiti wa kamati akavua miwani, akaivaa tena, akaukodolea macho ukuta mrefu uliong'aa kwa ulaini.

Na Kioo, mchumba wa msanifu, fundi plasta aliyepewa jina hilo kwa sababu eti unaweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye kuta zake, akajisogeza nyuma ya wenzake. Ni yeye. Nani mwingine?

"Funguo anakaa nazo nani?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi," akajibu msimamizi wa ujenzi, mzee wa watu, "lakini haki ya Mungu sijui..."

"Nenda nyumbani kwanza. Tutakuita."

Mzee akachukua kofia yake, akatoka. Kioo alikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ukagoma. Jamani, mwanaume mzima!

Ukweli ni huu. Ijumaa rafiki zake walimtania: "Shemeji yetu amejenga maktaba au ghala? Zege tupu, mpaka alama za mbao zinaonekana!" Naye, badala ya kumtetea mwenzake, akajibu haraka, "Aa, bado haijaisha hiyo." Jumamosi akachomoa funguo kwenye banda la msimamizi, akaugongagonga ukuta kwa patasi ili plasta ishike, akapiga kazi kutwa nzima. Alijua Jumatatu atakumbatiwa. Mapenzi hayo!

Jumatatu hiyo saa sita mchana, Kioo akiwa ameshaondoka, simu ikaita mfukoni. Ujumbe: "Njoo maktaba. Peke yako."

"Kuna nini, mpenzi?" akajibu, akijifanya hajui.

"Njoo tu."

Alimkuta amesimama kwenye ukuta wa pili, ule ambao haukuguswa.

"Weka mkono hapa."

"Si zege tu hili..."

"Nimesema weka mkono, sijasema uongee."

Akaweka. Chini ya kiganja akasikia mishipa ya mbao iliyochapika kwenye zege, mmoja baada ya mwingine, na fundo moja la mviringo. Mwanga wa dirisha jembamba la juu ulishuka kiupande, kila mstari ukapata kivuli chake. Miezi mitano alikuwa akiupita ukuta huu, na hakuwahi kuutazama hata siku moja.

"Seremala alichagua mbao za kumwagia zege moja moja," msanifu akasema. "Zege likamwagwa mara moja. Ukikosea, huna pa kuficha. Majengo ya mtindo huu yanakuonyesha yalivyojengwa, hayavai kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Nilikuwekea michoro mezani. Ukasema 'safi, mpenzi,' macho yako kwenye simu."

Kioo akauondoa mkono ukutani.

"Ulijua ni mimi?"

"Ukuta laini vile? Nilijua tangu mlangoni. Nilikuwa nasubiri ufungue mdomo mbele ya yule mzee."

"Nilitaka kukusaidia tu."

"Kunisaidia nini?"

"Watu walikuwa wanacheka. Nikaona aibu."

"Aibu ya nini?"

Hapo ndipo angeweza kudanganya. Hakudanganya.

"Ya kazi yako."

Msanifu akaugeukia ukuta. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la plasta.

"Mambo ya harusi," akasema, "tusiyazungumze kwanza."

Kioo akampigia mwenyekiti palepale, akasema yote, akatukanwa vizuri, akaitikia "ndiyo mzee" mara saba. Kisha akaenda kwa miguu yake hadi kwa msimamizi.

"Mwanangu," mzee akamwambia mlangoni, "tangu asubuhi mke wangu ananiuliza nimeiba nini."

Kioo akapiga magoti. Hakuwa na neno jingine zaidi ya samahani.

Kesho yake mzee akarudi na funguo zake. Kioo akabandua plasta yake mwenyewe, wiki tatu, kwa patasi ndogo. Plasta ilitoka. Matobo aliyoyagonga yalibaki, mamia, na kila moja alilijua. Jioni akawa anachelewa njiani, anasimama mbele ya majengo mapya kama mtu aliyepotea, anajiuliza kwa nini dirisha hili limezamishwa ndani, kwa nini paa lile limeinama. Zamani yote yale alikuwa akiyaita makontena. Sasa akawa anaona haya kwa miaka yote aliyopita akicheka.

Siku ya ufunguzi alijibanza nyuma kabisa. Mgeni mmoja mwenye suti akaupapasa ukuta.

"Nimeupenda sana huu, msanifu. Lakini haya matobo, ni mtindo gani?"

"Hayo si mtindo," msanifu akajibu, sauti juu. "Ni makosa ya mume wangu. Yule pale nyuma, anayejificha."

Ukumbi mzima ukageuka. Kioo akatamani ardhi impasukie. Na katikati ya aibu ile ndipo likamfikia neno ambalo hakulitarajia tena: *mume wangu*.

Akainua mkono.

"Ni mimi," akasema.