Mara Nne kwa Siku

Jumamosi ile, ndani ya jengo la maduka, foleni ya chanjo ya mafua ilianzia mlangoni mwa duka la viatu, ikapita kwenye meza za chakula na kujikunja karibu na ngazi. Nusu ya mji wa Winnipeg, Kanada, ilikuwa imeingia humo kukimbia baridi. Jonalyn Baluyot, mwenye koti la zambarau na kofia ya sufu aliyofumiwa na marehemu mama yake, alikuwa amefika mbele mara tatu, na mara zote tatu alimpisha aliyemfuata, akarudi mkiani.

"Dada, unauza nafasi?" sauti ilimuuliza. "Mimi nimepita, nimechomwa, nimekunywa na juisi. Wewe bado uko hapa."

Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, buti zake nyeupe kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

"Namsubiri shangazi."

"Shangazi anatoka Manila kwa miguu?"

Jonalyn alicheka bila kutaka. Kijana aliitwa Efren Mangubat, fundi wa lifti. Aliposikia kwamba Jonalyn yuko mwaka wa pili wa uuguzi, alimpigia saluti pale pale mbele ya watu. Jonalyn hakumwambia lililobaki. Mama yake aliuguza watu miaka ishirini na sita, na shangazi zake wawili ni wauguzi hadi leo. Katika ukoo ule, kuogopa sindano ni kama mtoto wa mwokaji kuogopa unga.

Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kila siku.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe umekwama kwenye lifti gani leo?"

"Nimekwama kwako."

"Ondoka hapa, mwongo wewe!"

Wiki ya tatu walikwenda kula mchuzi mchachu wa nguruwe katika mkahawa mdogo wa Kifilipino. Efren alikuwa amevaa shati jipya la bluu. Mchuzi ulipoletwa, alilipandisha shati kidogo na kutoa sindano ya insulini.

"Kisukari," alisema. "Tangu nina miaka tisa. Dakika moja tu."

Masikio ya Jonalyn yalianza kuvuma. Aliinuka, akakimbilia chooni na kukaa sakafuni. Aliporudi alisema alipigiwa simu. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu Efren mwenyewe ndiye aliyekwenda kujichomea chooni, akarudi akala bila kumtazama.

Kesho yake alipiga simu.

"Jona, sema tu. Unaniona kinyaa."

"Si kinyaa, Efren."

"Unatoka mbio kama nimetoa nyoka! Na wewe ni muuguzi. Muuguzi akinikimbia, nani atakaa na mimi?"

 Efren hakusubiri jibu, akakata simu.

Kusema ukweli kungemfanya Jonalyn aonekane tapeli. Wiki iliyopita alikuwa amemwacha mgonjwa wodini na sindano yake haijachomwa, akasingizia tumbo. Mwalimu Hildebrand alimwambia, "Ijumaa utarudia. Ukishindwa tena, masomo yako yameishia hapo." Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alitembea chumbani, akavuta pumzi, akaulegeza mwili, kama shangazi zake wanavyowaambia wagonjwa. Kila alipolegea, dunia ilizunguka.

Jumatano mchana alimfuata Efren kazini, katika jengo moja la ofisi katikati ya mji. Alimkuta amepiga magoti mbele ya lifti iliyo wazi.

"Naogopa sindano," alisema, hata salamu hakutoa.

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe? Muuguzi?" Efren aliangua kicheko. Kisha akauona uso wake, akanyamaza. "Kwa hiyo hukunikimbia mimi."

"Nilikimbia kitu kisichofika hata sentimita moja. Nilikuwa nazirai chooni, wewe unanuna mezani."

Efren aliweka spana chini. "Ikikujia, unafanyaje?"

"Nalegea. Kila mtu anasema nitulie."

"Ndiyo maana unaanguka! Damu inashuka miguuni, na wewe unaifungulia mlango. Utotoni nilianguka mwaka mzima, mpaka muuguzi mmoja akanifunza: kaza mapaja, tumbo na ngumi mpaka uso upate moto. Achia kidogo, kaza tena. Haya, tufanye."

Walisimama bega kwa bega, wamekunja ngumi, nyuso zimewaiva. Bibi mmoja mwenye kikombe cha kahawa aliwakodolea macho.

"Mnasukuma nini?"

"Damu, bibi," alijibu Efren.

Ijumaa, mlangoni mwa wodi, Jonalyn alimweleza Mwalimu Hildebrand kila kitu.

"Kwa nini hukuniambia tangu Septemba?"

"Mama yangu alikuwa muuguzi."

"Hilo si jibu." Mwalimu alisukuma mlango wa wodi. "Ingia. Niko nyuma yako."

Mgonjwa alikuwa Bwana Kowalchuk, mzee wa kuchomwa tumboni dawa ya kuzuia damu isigande. Jonalyn alikaza mapaja hadi uso ukapata moto.

"Binti, mbona umeiva hivyo?"

"Joto, bwana."

"Joto? Nje kuna nyuzi ishirini chini ya sifuri!"

Alichoma. Akahesabu, akachomoa, akamshukuru mzee. Alitembea hadi kwenye korido na kujikalisha sakafuni kabla hajaanguka. Mwalimu alisimama kando yake, akaandika kwamba amefaulu.

Jioni, katika mkahawa ule ule, mchuzi ulipofika, Efren aliinuka kwenda chooni na sindano yake.

"Keti," Jonalyn alisema.

"Jona, hii ni mara nne kwa siku. Mpaka uzeeni."

"Hiyo ni posa?"

"Ni onyo."

"Basi liseme kama posa."

Efren aliketi. Alivua miwani, akaivaa tena. "Nikuoe, Jona?"

Akapandisha shati. Jonalyn alikaza mapaja chini ya meza na kutazama. Aliiona ncha ikigusa ngozi, kisha pembe za mkahawa zikaanza kuingia giza.

"Natoka," alisema.

"Nenda."

Alitoka. Efren alibaki na bakuli mbili zinazofuka moshi. Alikula kijiko kimoja, akakosa hamu ya cha pili. Macho yake hayakubanduka mlangoni.

Jonalyn alirudi, uso unadondoka maji, akavuta kiti.

"Ndiyo," alisema.